Andika ulichokiona kwanza: kwa wanaoanza Biolojia

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha kwanza, na ninyi wa kidato cha tano mliopangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) huku mkijiuliza kama mtaiweza, haya ni maneno ya mtu wa maabara. Mimi ni fundi sanifu. Kazi yangu ni kuandaa sampuli, kuosha vyombo na kusimama pembeni mkifanya mazoezi ya vitendo, na anayesimama pembeni huona mengi. Wapo wanafunzi wanaotaja sehemu zote za seli bila kuvuta pumzi, lakini waulize kuna nini kwenye testityubu waliyoishika, wanababaika. Wapo na wengine wa wastani tu darasani ambao kwenye vitendo wanapeta, kwa sababu moja: wanajua kutenganisha walichokiona na wanachodhani ndiyo maana yake.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue kwangu. Mengine walimu wenu watawapa.

Tuanze na upimaji wa chakula, maana hautawakwepa. Unapewa kimiminika usichokijua, unatia matone ya iodini, na mbele yako kuna jedwali lenye nafasi nne: unachopima, ulivyofanya, ulichoona, na hitimisho. Kila mwaka kuna anayeandika kwenye nafasi ya tatu, "wanga upo." Wewe umeuona wapi huo wanga? Ulichoona ni rangi ya iodini, ya kahawia, imegeuka bluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Wanga ni neno la nafasi ya nne. Na rangi isipobadilika usiandike "hakuna kilichotokea." Andika kwamba rangi ya iodini imebaki vilevile. Hilo nalo ni jambo lililoonekana, na lina alama zake.

Benedikti, kile kimiminika cha bluu cha kupimia sukari, ndiyo inayowafichua wakariri. Sampuli yenye sukari rahisi ikipashwa moto pamoja nayo, rangi hutoka bluu, ikapita kijani, njano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali. Inaishia wapi? Inategemea wingi wa sukari. Sasa mwenye pupa ameshika testityubu ya kijani kabisa, ila daftari lake linasema nyekundu ya tofali, naye anaamini daftari. Kijani ni jibu halali. Maana yake sukari ipo, ila kidogo. Kumbuka pia kwamba sukari hii tunayotia kwenye chai haiigeuzi Benedikti ikiwa peke yake. Inabidi kwanza uichemshe na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha uiue hiyo asidi kwa sodiamu baikaboneti, ndipo utie Benedikti. Wengi huruka hatua ya kuua asidi kwa sababu haina rangi ya kuvutia. Benedikti haifanyi kazi kwenye asidi, basi wanaondoka na bluu yao wakidai sampuli haina kitu. Protini haihitaji moto: baiureti, kipimio chake, hutoa zambarau ikiwa baridi hivyohivyo.

Kutenganisha kuona na kuhitimisha si usumbufu uliobuniwa na watunga mitihani. Wakubwa wenyewe walianguka hapo. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels wa karne ya 17, alichukua udongo mkavu wa pauni 200 (pauni ni kama nusu kilo), akapanda ndani yake mche wa mierebi, ile miti ipendayo kingo za mito, wenye uzito wa pauni 5. Kwa miaka mitano aliumwagilia maji tu. Mwishoni mti ulikuwa na pauni 169 na ushee, na udongo, alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua kama aunsi mbili tu, yaani hata robo ya pauni haifiki. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Tazama lilivyo safi: alipima mwanzo, akapima mwisho, akaufunika udongo vumbi lisiongeze uzito. Alichokiona hakina dosari hata leo. Kisha akahitimisha kwamba mti wote, gome, mizizi na matawi, umetokana na maji peke yake. Hapo akakosea. Sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti hutokana na kaboni dioksaidi iliyo hewani, na ajabu ni kwamba Helmont huyohuyo ndiye aliyelianzisha neno gesi na kuichunguza hewa itokayo kwenye makaa yanayoungua, ambayo ndiyo hiyo kaboni dioksaidi. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1779 ndipo Jan Ingenhousz alipoonyesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa oksijeni zikipata mwanga.

Kwa nini nawasimulia habari ndefu hivi? Kwa sababu vipimo vya Helmont bado tunavitumia kufundishia usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, ingawa hitimisho lake tulishalitupa. Angekuwa ameandika tu "mti umetengenezwa na maji" bila zile pauni na aunsi, tusingekuwa na cha kuokoa.

Sasa hadubini. Ngozi nyembamba ya kitunguu ndiyo sampuli ya kwanza karibu kila mahali, na kitu cha kwanza ambacho mgeni hukichora ni povu la hewa. Lina umbo la duara na ukingo mweusi mnene, linapendeza, linaonekana kama seli kweli. Seli za kitunguu zimepangana kama matofali na zina kuta nyembamba. Ukitia tone la iodini utaona kiini cha kila moja kikiwa na rangi zaidi. Ili usipate mapovu, usikidondoshe kile kioo chembamba cha kufunikia. Kiegemeze kwa pembeni kwenye tone la maji, ukishushe polepole kwa sindano. Anza na lenzi ndogo, upate taswira, ndipo uhamie kubwa. Ukianza na kubwa utazungusha skrubu mpaka upasue slaidi, na vioo hivyo mimi ndiye ninayevifagia. Ukitaka kujua umekuza mara ngapi, zidisha lenzi ya jicho kwa lenzi ya chini: 10 kwa 40 ni mara 400.

Kwenye kuchora kuna jambo linalonichekesha. Tunaweka mende mezani, na mende wa maabara mara nyingi mguu mmoja umeshakatika. Karibu darasa zima huchora miguu sita. Mchoro ni ushahidi wa kilichokuwa mezani, kwa hiyo chora mitano, na pale mguu ulipong'oka onyesha alama yake na uandike pembeni kwamba umekatika. Tumia penseli ya HB iliyochongwa, mstari mmoja usiorudiwarudiwa, bila kupaka kivuli. Mistari ya majina isikatane. Pima kitu, pima mchoro, gawanya: jani la sentimita 6 ukilichora sentimita 12, umelikuza mara 2. Kipaji cha kuchora hakihitajiki. Nimeona michoro mizuri kama ya kwenye kanga ikapata sifuri, kwa kuwa mmea uliochorwa haukuwa ule uliowekwa mezani.

Zile sifa saba za viumbe hai (lishe, upumuaji, kujongea, kukua, kuzaa, kutoa takamwili na kuhisi) mtazikariri wiki ya kwanza. Sawa, zikariri. Lakini zijaribuni. Moto unakula kuni, unahitaji oksijeni, unakua, unazaa moto mwingine, unaacha majivu, na hauko hai, hauna seli. Baghala, mtoto wa punda na farasi, kwa kawaida hazai, na yuko hai kukushinda wewe ukimpa sababu ya kukupiga teke. Na maharage ndani ya gunia? Hayajongei, hayakui, yamekaa tu. Anayehukumu kwa jicho la dakika moja atayaweka upande mmoja na kokoto.

Kuna njia nzuri ya kuyauliza maharage swali hilo. Yaloweke mpaka yaanze kuchipua, yatie kwenye chupa ya chai, ziba mdomo kwa pamba na upitishe kipimajoto. Chupa ya pili itie maharage yaliyochemshwa yakafa, kisha yakaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Baada ya siku mbili tatu, chupa ya kwanza itakuwa na joto zaidi. Seli zinavunja chakula, nishati nyingine inapotea kama joto. Huo ndio upumuaji wa seli, ambao si sawa na kuvuta na kutoa hewa kifuani. Mmea haupandishi kifua lakini seli zake zinapumua usiku na mchana. Wanafunzi huniuliza ile dawa ya vijidudu ni ya nini. Fikiri: maharage yaliyokufa yakioza, bakteria nao wanapumua, nao watatoa joto. Utaona kipimajoto kikipanda na utasema maharage maiti yamefufuka.

Kuhusu uainishaji sina mengi. Majina ya kisayansi yana maneno mawili, la kwanza linaanza kwa herufi kubwa, la pili ndogo, na ukiandika kwa mkono unayapigia mstari: Zea mays ni mahindi, Periplaneta americana ni yule mende wetu. Msidhani yamechongwa kwenye jiwe. Ua dogo la Usambara linalouzwa kwenye vyungu duniani kote liliitwa Saintpaulia kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kundi la Streptocarpus.

Ninachosisitiza kwenye mada hiyo ni kwamba sifa za kundi ni muhtasari wa yaliyokwishaonekana, basi. Utaandika kwamba amfibia hutaga mayai majini, na mayai huwa viluwiluwi. Kwa vyura wengi ni kweli. Lakini nenda Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Pale palikuwa na chura mdogo wa manjano, Nectophrynoides asperginis, mwenye urefu usiofika hata sentimita 3, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Jike hazalishi viluwiluwi vya kuogelea. Anazaa vyura kamili, vidogo sana. Aligunduliwa mwaka 1996. Maji ya maporomoko yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ugonjwa wa kuvu ukamkuta, na kufikia 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Amesalia kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kufugwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na baadaye wakarudishwa nchini. Mwalimu akiuliza tofauti ya amfibia na mamalia, toa jibu la silabasi. Ila usiseme "vyura wote" kama hujawaona wote.

Lugha isiwatie hofu. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, na mliotoka shule za msingi za Kiswahili mnaanza na mzigo ambao wenzenu hawana. Ushauri wangu ni huu: mkiwa wawili watatu mezani, semeni kwa Kiswahili kilichotokea mpaka kila mmoja aelewe, kisha mwandike Kiingereza chake kwa sentensi fupi. Anayeanza na Kiingereza alichokipata kwa mwenzake huishia kuandika sentensi nzuri ya jaribio la mtu mwingine.

Mambo mawili ya usalama, kwa haraka. Mkipima wanga kwenye jani, mtalichemsha kwenye spiriti ili klorofili, ile rangi ya kijani, itoke. Spiriti haiwekwi juu ya moto hata siku moja. Weka chombo chake ndani ya maji ya moto, moto wenyewe ukiwa umeshazimwa. Na msionje chochote maabara, hata kama mimi mwenyewe nimewaambia ni maji ya machungwa.

Hayo maji ya machungwa yana kisa chake. Mara kwa mara natayarisha sampuli ya aina hiyo, mwanafunzi anatia tone la iodini, rangi ya kahawia inapotea kabisa. Haigeuki bluu wala haibaki. Ananijia analalamika kwamba iodini yangu imeharibika, nimpe nyingine. Iodini haina tatizo: vitamini C iliyomo inaibadilisha kuwa iodaidi, isiyo na rangi. Ongeza matone mpaka rangi ianze kubaki, ndipo usome kama kuna wanga. Na kwenye nafasi ya tatu andika hivyohivyo: tone la kwanza rangi imepotea, na matone yalipoongezwa, hiki ndicho kilichoonekana.