Mbwa Mzima Anayekojoa Ndani: Anza na Sakafu Aliyoizoea

Watu wanaochukua mbwa mzima kutoka kituo cha kuokoa wanyama huniuliza swali moja, na mara nyingi linakuja na uchungu ndani yake: "Ana miaka minne, mbona hajui choo?" Jibu langu halibadiliki. Choo anakijua. Anacho tangu zamani, ila si hicho unachokitaka wewe.

Mbwa aliyekulia kwenye banda la saruji anajua kwamba saruji ndipo pa kujisaidia. Aliyefungwa uani kwenye mchanga atautafuta mchanga. Aliyefungiwa chumbani na magazeti chini atayatafuta magazeti, na akiyakosa ataridhika na chochote anachokikanyaga akahisi kinafanana nayo: taulo lililoanguka, mkeka, zulia la mlangoni. Mazoea haya huanza kujengeka mapema sana, mbwa akiwa bado mdogo wa wiki 8 au 9 hivi, na yakikaa miaka yanakuwa na nguvu. Kwa hiyo kazi uliyo nayo ni ya kumhamisha mbwa kutoka choo kimoja kwenda kingine, na kumhamisha kunahitaji ujue anatoka wapi.

Mbwa aliyenifunza hili zaidi ni Tunu, jike ambaye daktari alimkadiria umri wa miaka mitano. Alikuwa amekaa muda mrefu kituoni, kwenye banda la saruji lililokuwa likimwagiwa maji kila asubuhi. Nikimtoa nje kwenye nyasi, ananusa, anazunguka, kisha anasimama na kunitazama. Tukirudi ndani tu, huyo bafuni, anachuchumaa kwenye vigae vilivyo na unyevunyevu. Ukitazama kwa juu utasema ni ukaidi, kwamba alikuwa anangoja makusudi turudi ndani. Lakini ukimwangalia miguu ndipo unapopata habari kamili. Kwenye nyasi alikuwa akinyanyua kila mguu juu na kuutua polepole, vidole vimekunjwa, kama mtu anayepita peku kwenye kokoto. Hakuwahi kuambiwa na maisha yake kwamba pale ni mahali pa kukojoa. Bafuni kulikuwa kugumu, kubaridi, kumelowa, sawasawa na bandani kwake.

Nilichofanya ni kumpelekea saruji nje. Nilichukua bamba moja la kutandikia njia, nikaliweka kwenye kona tulivu ya bustani, nikalilowesha, kisha nikalipangusia kitambaa nilichokuwa nimefutia mkojo wake ili harufu yake ibaki pale. Mlango wa bafu ukawa unafungwa muda wote. Alfajiri, kibofu kikiwa kimejaa, nikamfunga kamba na kumpeleka moja kwa moja kwenye lile bamba, nikasimama kimya. Alinusa pembeni, akapanda, akazunguka, akachuchumaa. Alipomaliza tu nikampa kipande cha kuku palepale. Baada ya hapo bamba lilikuwa choo chake bila ubishi, nami nikaanza kulitupia udongo kidogo na vipande vya nyasi, siku hadi siku, mpaka saruji ikafunikwa kabisa na yeye akawa anajisaidia kwenye nyasi bila kufikiri mara mbili. Ningeweza kungoja azoee nyasi mwenyewe, na mbwa wengi huzoea. Ila njia hii ilimwondolea wasiwasi, na mbwa asiye na wasiwasi hujifunza haraka.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kusaini karatasi za kumchukua mbwa, waulize wahudumu alikuwa analala juu ya nini, anatolewa saa ngapi, anakula saa ngapi, na ana kawaida ya kuchafua pale anapolala au anajizuia. Majibu hayo manne yatakufaa kuliko vifaa vyote utakavyonunua.

Jambo jingine la kutangulia ni daktari wa mifugo. Sipendi kuona mtu akihangaika na mafunzo huku mbwa ni mgonjwa. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mbwa akojoe kidogo kidogo mara nyingi, na hata mbwa mwenye adabu zote hawezi kushindana na maumivu hayo. Kisukari na magonjwa ya figo humfanya anywe maji mengi na kukojoa mengi. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, zina athari hiyo hiyo, hivyo uliza kama alikuwa anatibiwa kitu. Minyoo na vimelea vingine vya tumboni huleta kuharisha ambako hakungoji mlango ufunguliwe. Na ukiona jike aliyefungwa kizazi anaamka na kuacha alama ya maji pale alipolala, hajakojoa kwa kutaka. Misuli inayofunga kibofu imelegea, na kuna dawa za kumsaidia. Mchukulie mbwa sampuli ya mkojo, apimwe, moyo wako utulie.

Akishaonekana hana ugonjwa, mpe ratiba. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kujizuia saa 6 hadi 8, lakini usimtegemee kwa hilo siku za mwanzo. Nyumba ni ngeni, watu ni wageni, ana wasiwasi, na wasiwasi unaongeza haja. Mtoe kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na juu ya hapo: anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Chakula kiwe cha saa maalumu, mara mbili kwa siku, bakuli liondolewe akimaliza. Chakula kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Kwa mbwa wengi haja kubwa huja ndani ya nusu saa baada ya kula. Maji usimnyime. Kuna watu wanaoficha bakuli la maji ili mbwa asikojoe, na huo ni ukatili ambao hautafundisha chochote.

Ukimtoa, toka naye. Kumfungulia mlango aende peke yake ni kupoteza kila kitu, kwa sababu hutajua kama amejisaidia au amezurura tu, na hutakuwepo kumzawadia. Mfunge kamba, mpeleke mahali palepale kila siku, simama. Usimchezeshe wala usimsemeshe. Mpe dakika tano mpaka kumi. Akianza kukojoa, sema neno lako moja la siku zote kwa sauti ya chini, "kojoa" linatosha kabisa, na akimaliza mpe kitu kitamu pale pale mbele ya mkojo wake. Zawadi ikingoja mpaka mrudi jikoni, kwa akili ya mbwa umemlipa kwa kurudi jikoni. Baada ya muda, lile neno litafanya kazi yenyewe, na utalishukuru siku ya mvua.

Kisha muendelee na matembezi. Hili wengi hawalijui: ukiwa na mazoea ya kumrudisha ndani mara tu anapokojoa, atajifunza kwamba mkojo ndio unaomaliza raha, naye ataanza kuubana. Haja kwanza, matembezi baadaye.

Kama hakufanya kitu, rudini ndani lakini asiachiwe. Mbakishe karibu nawe, kamba yake ukiwa umeifunga kiunoni, na baada ya dakika kumi au kumi na tano tokeni tena. Kamba ya kiunoni ndiyo silaha yangu kubwa katika wiki za mwanzo. Ukiwa unapika, unafua, unaandika, mbwa yuko hatua mbili kutoka kwako, na kila dalili unaiona: kunusa sakafu kwa bidii, kuzunguka sehemu moja, kuacha ghafla alichokuwa akikitafuna, kutaka kutoweka nyuma ya kochi. Ukiiona mojawapo, simama mtoke. Usipoweza kumwangalia, aingie kwenye kizimba chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi kuchafua mahali pao pa kulala. Lakini msisitizo wangu uko kwenye neno "wengi". Mbwa aliyefungiwa siku nzima bila kutolewa alilazimika kulala kwenye uchafu wake, na breki hiyo ilishaondoka. Wengine wakifungiwa wanapata hofu, wanahema, wanatoa udenda, wanang'ata nondo. Mbwa wa namna hiyo usimlazimishe kizimba. Mpe chumba kidogo chenye geti la chini, na umtoe mara nyingi zaidi.

Ajali zitatokea. Ukimkuta katikati ya tendo, mwite kwa sauti ya kawaida, mtoke haraka, akimalizia nje mzawadie kama vile alianzia huko. Ukikuta dimbwi limeshapoa, futa, basi. Kumkamata shingo na kumsukuma pua kwenye mkojo ni desturi ya zamani inayoharibu kila kitu. Anachojifunza mbwa ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, kwa hiyo nje atajizuia ukiwa umesimama naye, na ndani atatafuta nyuma ya pazia. Najua wengi husema, "Lakini anajua amekosea, mtazame uso." Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: ule uso wa hatia ulijitokeza zaidi mbwa alipokuwa anakemewa na mwenye mbwa, awe ametenda kosa au hakutenda. Mbwa anasoma hasira yako na anajaribu kukutuliza. Nikikumbuka ni mbwa wangapi wamepigwa kwa sababu ya uso ule, naumia.

Usafishaji unastahili umakini. Pua ya mbwa inakuta harufu pale ambapo wewe unaona pamekauka na kung'aa, na harufu ile ndiyo inayomwambia "ni hapa." Kausha kwanza kwa kitambaa, ukibonyeza badala ya kusugua, kisha tumia sabuni yenye vimeng'enya ambayo huvunjavunja mabaki ya mkojo. Iache ilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, maana ukiipangusa papo hapo haijafanya kazi yake. Usitumie kitu chenye amonia, kwa sababu mkojo wenyewe hutoa harufu hiyo. Dawa ya klorini kwenye mkojo mbichi nayo iepuke, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Kwa madoa ya zamani ambayo huyaoni, tochi ya miale ya urujuanimno (UV) usiku, taa zikiwa zimezimwa, itakuonyesha mengi. Jiandae, hasa kama nyumba iliwahi kukaa mbwa mwingine kabla yako.

Kuna mikojo miwili isiyohusiana kabisa na choo, na kuishughulikia kama tatizo la choo ni kumwonea mbwa. Wa kwanza ni wa kuweka alama: kiasi kidogo, mara nyingi juu ya kitu kilichosimama kama mguu wa meza au kona ya ukuta, na kwa kawaida ni dume ambaye hajahasiwa, ingawa majike nao wapo. Kumhasi hupunguza sana kwa wengi, pamoja na kusafisha vizuri na kumwangalia. Wa pili ni wa unyonge au furaha kupita kiasi: umeingia mlangoni, umeinama kumsalimu, mbwa anajikunja, masikio yamelala nyuma, mkojo unamtoka. Huyu hana uwezo wa kujizuia. Msalimie nje, kwa ubavu, bila kumwinamia wala kumkazia macho, na mwache yeye akufuate. Kumkemea kutamzidishia.

Kuhusu muda, mbwa wazima wengi hushika mapema kuliko watoto wa mbwa, maana kibofu chao kimekomaa. Wiki chache za uangalizi mkali hutosha kwa wengi, na wachache wenye historia nzito huhitaji miezi. Usimfungulie nyumba yote kwa mara moja. Akikaa wiki tatu au nne bila ajali kwenye sebule, mwongezee chumba kimoja, naye umwangalie humo kama siku ya kwanza, kwa sababu mbwa haoni nyumba kama kitu kimoja. Chumba kisichotumika sana, ambacho hakina harufu ya watu, kwake kinaweza kuwa "nje." Kwa hiyo kaa naye humo, mlishe humo siku kadhaa, mwekee kitanda chake. Na mkihama nyumba, au mkienda kulala kwa ndugu, rudini kwenye kamba ya kiunoni na ratiba ya saa mbili mbili kwa siku chache, hata kama kwenu amekuwa msafi kwa miaka.