Ndani ya thieta, nani hufanya nini?

Swali kutoka Kasulu: Mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika kituo cha afya. Aliona watu sita, wote wamevaa barakoa, asijue nani ni daktari. Baadaye tukasikia aliyempasua si daktari bingwa. Je, ni halali?

Ni halali. Katika vituo vya afya upasuaji huo hufanywa na daktari mwenye shahada au Daktari Msaidizi (tabibu asiye na shahada ya udaktari) aliyefunzwa, na Tanzania imewategemea Madaktari Wasaidizi kwa kazi hii tangu miaka ya 1960. Kesi ngumu, kwa mfano kondo la nyuma lililojishikiza kwenye kovu la zamani, ndizo za kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni.

Sasa wale sita. Mpasuaji unamjua. Msaidizi wake husimama ng'ambo ya meza, akivuta kingo za jeraha, akikausha damu na kukata nyuzi. Muuguzi wa vifaa amenawa hadi viwikoni, amevaa gauni na glavu tasa (zisizo na vijidudu), naye ndiye mlinzi wa meza ya vifaa. Muuguzi mzungukaji hakuvaa gauni tasa: hufungua pakiti, huenda kuleta damu, huandika. Kichwani pa mgonjwa hukaa mtaalamu wa usingizi. Wa sita ni mkunga, anayempokea mtoto, kumkausha, na asipopumua kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika 1 ya kwanza.

Watumishi wakiwa wachache, muuguzi wa vifaa anaweza pia kuwa msaidizi wa mpasuaji. Lakini mtaalamu wa usingizi asipewe kazi ya pili, na mkunga asiitwe kushika kitu kingine mtoto anapokaribia kutoka. Hapo hatuoni nafasi ya kulegeza.

Swali kutoka Ujiji: Baba alipangiwa upasuaji wa ngiri saa tatu asubuhi, kwa sindano ya mgongo. Saa kumi alfajiri alikunywa uji. Daktari alikuwa tayari, ila mtu wa usingizi akakataa. Nani mwenye kauli? Na si akishachoma sindano kazi yake imekwisha?

Kwa jambo hilo mwenye kauli ni mtu wa usingizi, na alikuwa sahihi. Uji ni chakula. Unahitaji saa 6 kabla ya upasuaji, na baba yako alikuwa na 5 tu. Maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa huruhusiwa hadi zibaki saa 2 kabla ya upasuaji. Mgonjwa akilala usingizi wa dawa, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda huingia mapafuni na kinaweza kuua. Sindano ya mgongo nayo huweza kushindwa, ikalazimu nusu kaputi papo hapo.

Baada ya sindano ndipo kazi inapoanza. Mishipa ya miguuni hulegea na presha hushuka katika dakika chache za mwanzo, kwa hiyo hupimwa kila dakika 1 au 2, kisha kila dakika 5. Mjamzito huinamishwa kidogo upande wa kushoto, kama nyuzi 15, ili mimba isigandamize mshipa mkubwa wa damu. Oksijeni husomwa kidoleni, na ikishuka chini ya asilimia 94 hutafutwa sababu mara moja. Mgonjwa akihisi mikono inakufa ganzi au pumzi inakuwa nzito, aseme wakati huohuo: huenda ganzi inapanda juu mno.

Swali kutoka Uvinza: Dada yangu alisikia wauguzi wakihesabu kwa sauti, kisha daktari akangoja muda mrefu kabla ya kumshona. Ni uzembe?

Huo ni uangalifu. Gozi (vitambaa vya kukaushia damu), sindano na vifaa huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo kwa ndani, na kabla ya kufunga ngozi. Huhesabu wawili, kwa sauti, na idadi huandikwa ubaoni. Zilitoka 10, zinaonekana 9? Mpasuaji hasongi mbele. Hutafutwa jerahani, ndooni, sakafuni, ndani ya mashuka. Isipopatikana, mgonjwa hupigwa eksirei, kwa kuwa gozi za upasuaji zina uzi unaoonekana kwenye picha. Gozi ya kawaida ya kufungia vidonda haina uzi huo. Haifai kuingia jerahani.

Hesabu huharibika kwa njia zinazojulikana: gozi kukatwa vipande viwili, taka kutolewa nje kabla ya kuhesabiwa, au zamu kubadilishana katikati. Gozi iliyosahaulika huleta usaha, maumivu na upasuaji wa pili.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, inaitaka timu isimame mara tatu: kabla ya ganzi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ndiyo maana mgonjwa kama dada yako huulizwa tena jina lake na anafanyiwa nini. Ajibu kila mara kwa ukamilifu, na kama ugonjwa uko upande mmoja, auonyeshe kwa mkono.