Moyo kutulia si ruhusa ya kuacha warfarini

Mkuu, simama hapo hapo. Baba ana presha, mapigo ya moyo yamemvurugika mara ya tatu, sasa yametulia, kwa hiyo mnaacha warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kumpa aspirini ya miligramu 75? Msithubutu. Kosa hilo nalijua kwa bei yake.

Moyo ukienda ovyo, vyumba vya juu havisukumi damu, vinatetemeka tu. Damu inatuama kwenye kifuko cha chumba cha juu kushoto, inaganda, bonge likichomoka linapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Na mapigo yaliyovurugika mara tatu yanaweza kuvurugika tena usiku mzee amelala, asihisi lolote. Utafiti wa AFFIRM wa 2002, wa wagonjwa wa mapigo kuvurugika, ulionyesha kwamba wengi wa waliopata kiharusi ama walikuwa wameacha warfarini, ama INR yao, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa chini mno.

Aspirini inazuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zisishikane. Kwa damu iliyotuama haifui dafu, ila kuvujisha damu tumboni inaweza sana. Huyo muuza dawa wa dukani aliyewaambia "zote zinalainisha damu" lazima ni ndugu wa yule aliyenidanganya mimi. Auze pipi tu.

INR ikae kati ya 2 na 3. Mwanzoni pimeni kila wiki au mara nyingi zaidi, ikitulia kila mwezi. Mchicha na kisamvu ale, lakini kiasi kilekile kila wiki. Akila kwa pupa wiki hii na kuacha ijayo, namba zinacheza. Akiandikiwa Flagyl au Septrin, INR hupanda, arudi kupima ndani ya siku chache. Amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, nayo huipandisha. Diklofenaki ya mgongo, marufuku: inapandisha presha na kuvujisha damu kwa mpigo mmoja.

Apiksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, haihitaji INR, ila inataka kipimo cha figo, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kwanza: mwenye vali ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, iliyobanwa na homa ya baridi yabisi hubaki na warfarini.

Mashine ya presha ikiwapa namba tofauti, ni kwa sababu mapigo yakivurugika hayalingani. Pimeni mara tatu, mchukue wastani. Lengo ni chini ya 130/80. Presha ya 160 huku anakunywa warfarini inakaribisha damu kuvujia kwenye ubongo.

Kama ameshakosa dozi siku mbili, msimrundikie vidonge kufidia. Kesho asubuhi kliniki, na kadi yake, wapime INR wapange dozi upya.