Ukitaka kumsoma Aristophanes, usianze na Mawingu

Kwa Aristophanes, yule mwandishi wa komedi wa Ugiriki ya kale, mi nilianza na tamthilia yake ya Mawingu kwa sababu kila mtu anaanza nayo, si ndo ile ya mwanafalsafa Socrates ananing'inia kwenye kapu eti anachunguza jua, nikajua leo ntacheka mpaka basi. Nilikuwa peke yangu hosteli na tafsiri ya Kiingereza, kila mstari una kanamba kadogo kanakupeleka chini kwenye maelezo, huyu alikuwa nani, yule alidaiwa nini, ukirudi juu utani ushapoa kama chai ya jana. Kurasa ishirini nikafunga kitabu.

Baadaye sana ndo nikajua hata Athens kwenyewe Mawingu ilifeli. Kwenye mashindano ya komedi ya mwaka 423 KK ilishika nafasi ya tatu, na wa kwanza alikuwa mzee Cratinus, mwandishi mwenzake, ambaye mwaka mmoja nyuma Aristophanes alimcheka jukwaani kwamba pombe imemmaliza. Mzee akajibu kwa kuandika komedi yenye jina la Chupa, yeye mwenyewe ndo mhusika, mke wake ni Komedi na anamlalamikia mume kwa kuhamia kwenye ulevi. Akabeba ushindi! Nilifarijika aisee.

Sasa we anza na Nyigu, ya 422 KK. Jina moja tu la kujua kabla hujafungua ni Cleon, mwanasiasa mwenye sauti kubwa aliyewapandishia wazee wa baraza posho mpaka oboli tatu (visarafu vya fedha) kwa siku (wazee wa baraza wa kule wenyewe ndo walikuwa wanaamua kesi, hakuna hakimu wa kuwapinga). Kuna mzee mmoja mraibu wa mahakama, kijana wake kamfungia ndani, mzee anajaribu kutokea kwenye bomba la moshi na akiulizwa nani huyo anajibu mimi ni moshi. Mwisho wanamfungulia mahakama nyumbani, mshtakiwa ni mbwa aliyekula jibini ya Sicilia, vyombo vya jikoni vinaitwa kutoa ushahidi, hadi kile cha kukwaruzia jibini kinapanda kizimbani, yaani ni kama uite mbuzi ya nazi ije iape. Halafu vinaletwa vitoto vya mbwa vilie ili mzee alainike, kwa sababu mahakamani kweli watu walikuwa wanaleta watoto wao walie.

Ila sehemu ya kusoma taratibu ni pale kijana anapompigia baba yake hesabu. Jiji linaingiza karibu talanta 2,000 kwa mwaka (talanta moja ni maelfu ya oboli), nyie wazee 6,000 mnaambulia talanta 150, nyingine zinaenda wapi baba? Mzee anaishiwa nguvu. Hapo Cleon anachekwa ndiyo, ila anayechapwa zaidi ni yule aliyekaa kwenye benchi akiamini yeye ndo mfalme wa nchi kisa ana oboli tatu mdomoni (kweli walikuwa wanabeba hela mdomoni).

Ukimaliza hiyo nenda Wapanda Farasi, ya 424 KK, wananchi wote wamefanywa mzee mmoja msahaulifu anayedanganywa na mtumwa wake kwa vitamu vitamu, na mtumwa ndo Cleon, mpaka anatokea muuza soseji mwenye kelele kumshinda. Ilipata zawadi ya kwanza, watu wakapiga makofi, na muda mfupi baadae hao hao wakamchagua Cleon kuwa jenerali. Nikiwaza hiyo huwa nanyamaza kidogo.

Matusi utayakuta, mengi tu, usiyaruke, na maelezo ya chini yaache mpaka mara ya pili.

La muhimu kuliko yote, isomeni kwa sauti mkiwa kundi. Hizi kazi zilichezwa mchana kweupe, kwaya watu 24, walengwa wanaweza kuwa wamekaa hapo hapo wanajiona. Sisi tulisoma Nyigu sebuleni watu sita, nyamachoma pembeni, mimi mbwa. Aliyepewa yule mzee ni jamaa yetu mmoja ambaye haipiti asubuhi hajabishana siasa kwenye magrupu, akaanza kumtetea mzee kwa dhati kabisa, eti lakini ana hoja. Mkewe akamwambia baba fulani, hapo huigizi. Tulicheka sote, yeye akachelewa kidogo.