Buni ikaangwe mpaka wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Hapa Lamu nakaanga buni mwenyewe. Mara kahawa yatoka chachu, mara yaungua. Niepue lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tega sikio, rangi pekee hudanganya. Buni hulia mara mbili. Mlio wa kwanza, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, hupasuka kama bisi. Ukiepua punde baadaye, utapata uchachu na ladha ya matunda. Buni nzuri ya Nyeri mimi siipitishi hapo, ni kuiharibu! Mlio wa pili, karibu nyuzi 225, ni mdogomdogo, wa harakaharaka, na mafuta huanza kutokeza. Kahawa chungu ya dele (birika la kahawa), ya tangawizi, naiepua hapo unapoanza tu. Kisha ipepete upesi kwenye ungo, maana ikibaki kaangoni huendelea kuiva. Kusaga, ngoja kesho.