Mafungu 12 kati ya 40 yana vinasaba vya Coxiella: je, asilimia 30 ya kupe wameambukizwa?

SWALI: Nimekusanya kupe 400 wa porini, baadhi kwa kuburuta kitambaa cheupe juu ya nyasi na wengine kwa kuwang'oa kwenye miili ya swala. Niliwahifadhi wote katika ethanoli ya asilimia 70 bila kuwagandisha, kisha nikawasaga kumi kumi. Kati ya mafungu 40, kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba mara nyingi ili vionekane, kimeonyesha vinasaba vya Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q, katika mafungu 12, na hakikuonyesha kirusi chochote. Je, niandike kwamba asilimia 30 ya kupe wameambukizwa na kwamba eneo hilo halina virusi?

JIBU: Ndugu msomaji, usiandike lolote kati ya hayo mawili.

Fungu likitoa jibu chanya, tunajua tu kwamba ndani yake mlikuwa na angalau kupe mmoja mwenye vinasaba hivyo. Kama kila fungu lilikuwa na mmoja tu, ni kupe 12 kati ya 400, yaani asilimia 3. Ukizingatia kwamba baadhi ya mafungu huenda yalikuwa na zaidi ya mmoja, hesabu ni 1 kutoa 0.7 (sehemu ya mafungu yaliyotoka hasi) iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.1 (moja kwa kumi, kwa kuwa kila fungu lina kupe kumi), ambayo ni takribani asilimia 3.5. Andika makadirio hayo pamoja na mipaka yake ya uhakika, na uwatenge kupe wa kitambaa na wale wa swala.

Kuwatenga ni lazima, kwa sababu kupe aliyeng'olewa kwa mnyama akiwa amevimba damu hubeba tumboni chochote kilichokuwamo katika damu ile, hata kama bakteria hao hawawezi kuishi ndani yake wala kufika kwenye tezi zake za mate. Kupe aliyenaswa kwenye kitambaa akisubiri mnyama ni ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa mlo wake wa mwisho aliupata kabla ya kujivua gamba. Buu mwenye miguu sita ambaye hajawahi kunyonya, akikutwa na bakteria, yaelekea amewarithi kwa mama yake. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao anayethibitisha kwamba spishi hiyo ya kupe inawaambukiza wengine. Hilo huhitaji majaribio ya maabara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jina lenyewe la bakteria. Kupe wengi huishi na bakteria wa jamii ya Coxiella wasioleta homa ya Q, ambao huwapatia vitamini za kundi B zinazokosekana katika damu, na baadhi yao wana kipande cha vinasaba cha IS1111 ambacho vipimo vingi hukitegemea. Ikiwa kipimo chako kililenga kipande hicho peke yake, rudia mafungu yote 12 kwa jeni nyingine, usome mfuatano wake, na uhakikishe kwamba mirija ya udhibiti isiyokuwa na kupe ilibaki hasi.

Kuhusu virusi, karibu vyote vinavyosambazwa na kupe, kikiwemo kile cha homa ya Kongo na Krimea, vina vinasaba vya aina ya RNA, ambayo huharibika upesi kuliko DNA, vinasaba vya bakteria. Ethanoli ile ilitosha kwa bakteria, lakini jibu hasi la virusi kutoka kwa sampuli zilizokaa hivyo halina uzito. Safari ijayo wafikishe kupe maabara wakiwa hai, au wagandishe papo hapo katika naitrojeni kimiminika na uwatunze kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Na kabla ya kusaga, mtazame kila mmoja chini ya hadubini, umbo la mdomo na ngao ya mgongoni, uandike spishi na jinsia, kisha umkate katikati kwa wembe safi na kugandisha nusu moja. Fungu likitoka chanya, nusu zile kumi zitakuonyesha ni kupe yupi.