Je, miche ninayopanda inapunguza joto la dunia?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, Dodoma. Nyumbani natumia jiko banifu, sichomi taka ovyo, na kila tarehe 1 Aprili napanda miche na wanafunzi wangu. Wenzangu wananicheka. Wanasema wanaoharibu hali ya hewa ni Wamarekani na Wachina, mimi najichosha bure. Je, juhudi za mtu mmoja zina maana yoyote kwenye joto la dunia? Halafu kuna mabwana wamepita kijijini wakiandikisha wenye miti, ada shilingi 20,000, wanasema tutalipwa fedha za kaboni kila mwaka. Nijiandikishe?

JIBU: Mwalimu, hiyo elfu ishirini usiitoe. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tumalizane na wenzako.

Nusu ya wanayosema ni kweli. Ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania wa kawaida hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani anatoa takribani tani 14. Dunia nzima inatoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka, na sehemu ya Afrika yote ni kama asilimia 4 tu. Kwa hesabu hiyo jiko lako banifu halibadilishi kitu angani, na anayekuuzia kwa kukwambia kwamba linaokoa sayari anakudanganya. Endelea nalo kwa sababu linakula mkaa kidogo na linawapunguzia watoto moshi jikoni. Hizo ni sababu tosha.

Wanapokosea wenzako ni hapa: hesabu hiyo haijagusa misitu. Kwetu hewa ukaa nyingi haitoki viwandani. Inatoka kwenye miti inayokatwa na kuchomwa kupisha mashamba na kutengeneza mkaa. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba nchi inapoteza takribani hekta 469,000 za msitu kwa mwaka. Msitu huo haukatwi na Mchina wala Mmarekani. Unakatwa na sisi, kijiji kwa kijiji, na mara nyingi mtu mwenye sauti kijijini, kama mwalimu, angeweza kusema neno. Hapo ndipo mtu mmoja ana uzito.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kuliko yote katika kazi hii, nalo ni imani kwamba ukipanda mche umelipa deni. Nakutana nayo kila msimu. Mtu kafyeka ekari tatu za miti ya asili, kapanda mikaratusi hamsini pembeni, anataka apongezwe. Taasisi inapiga picha na miche elfu moja, kisha hakuna anayerudi kuitazama.

Hebu tupige hesabu. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Chukua mtundu mmoja mkubwa, mti wa asili wa misitu ya miombo, ambao ukikauka una uzito wa tani moja. Ndani yake kuna kilo 500 za kaboni, na zikiungua zote zinaungana na oksijeni ya hewani, zinatoka kilo 1,800 na ushei za hewa ukaa. Mche unaotoka kitaluni una gramu chache. Kuufikia mtundu ule utahitaji miongo ya miaka, kama hautaliwa na mbuzi, hautaungua na hautakosa maji. Na anayechoma mkaa kwa tanuri la udongo anatumia kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Miti mikubwa inaondoka kwa magunia, sisi tunajibu kwa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche.

Viriba vyenyewe navyo! Nimeng'oa miche iliyokufa kwenye viwanja vya shule nikakuta kiriba bado kimeizunguka mizizi, imejikunja ndani kama kamba, haikuwahi kugusa udongo. Mpandaji hakuambiwa kwamba kiriba kinachanwa na kutolewa. Na hiyo tarehe 1 Aprili mnayoifuata ni siku ya kitaifa, inafaa kule ambako masika ndiyo yanaanza. Kongwa kwenu mvua ni moja, inaanza Desemba, na Aprili iko mlangoni mwa kiangazi. Mnaupeleka mche kwenye miezi saba ya jua kali kwa sababu ya sherehe. Pandeni Desemba au Januari, ardhi ikiwa imelowa vizuri, na kila mtoto apewe mche wake wa kuutunza hadi amalize shule.

Lakini hata hilo si la kwanza ningekushauri. La kwanza ni visiki. Tembea kwenye shamba lolote la Kongwa lililofyekwa utaona machipukizi ya mgunga na miti mingine yakitoka ardhini. Watu wanayafyeka kila msimu wa kilimo wakidhani ni kichaka. Chini yake kuna mizizi mikubwa iliyo hai, inayofika kwenye unyevu ambao mche wako hautaufikia leo wala kesho. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, pogolea matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, kisha funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mlimaji wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya. Kwenu Dodoma njia hii inaitwa kisiki hai, na haihitaji kitalu, kiriba wala ndoo ya maji. Miti ya miombo nayo kwa asili yake hurudi hivyo, kwa visiki na mizizi, kuliko kwa mbegu.

Kama wenzako wanataka ushahidi kwamba ya mtu mmoja mmoja yanajumlishwa, waambie watazame Shinyanga. Kule misitu ilifyekwa kwa miongo kadhaa, kuua mbung'o na kupisha pamba, hadi watu wakauita mkoa ule jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Awali walihimiza miche, kama ilivyo kawaida. Kilichoshika ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumue, kisha ng'ombe waingie kiangazi. Mwanzoni ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nyingine zilikuwa za vijiji, na nyingi zilikuwa za kaya moja moja, vieneo vya hekta chache ambavyo mzee fulani aliamua havitalimwa.

Kwa hiyo nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Sauti yako pale ina uzito kuliko miche ya miaka yako yote ya kazi.

Tukirudi kwa mabwana wa kaboni. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yenu inaizuia isiende angani, ipo, ni halali, na ina kanuni zake tangu 2022. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimelipwa fedha za kweli na vimejenga madarasa na zahanati. Lakini vililipwa kwa sababu vilikuwa na msitu mkubwa uliosimama, mpango wa matumizi ya ardhi, mipaka iliyopimwa, walinzi wanaolipwa, na vipimo vilivyokaguliwa na watu wa nje mwaka hadi mwaka. Hakuna mnunuzi popote anayelipia mikaratusi kumi ya uani kwa sababu jina lako limeandikwa kwenye daftari. Miradi ya wakulima wadogo nayo ipo. Mradi wa kweli unakuja shambani, unapima unene wa miti, unakupa mkataba kwa lugha unayoisoma, na haukutozi ada ya kujiandikisha.

Ninaowaogopa zaidi, hata hivyo, hawatozi ada. Wanakuja na gari zuri na mkataba wa miaka 30 au 40, wanataka sahihi ya mwenyekiti jioni ile ile. Wakati huo kampuni ya ng'ambo inayonunua kaboni hiyo inaendelea kuchoma mafuta kama jana, na hewa ukaa yake itakaa angani karne nyingi, ilhali msitu wenu unaweza kuungua Septemba moja tu. Kijiji chochote kinachosoma hapa kisisaini kabla mkataba haujasomwa kwa sauti mkutanoni, ukaonekana na mwanasheria wa halmashauri, na kabla ya kuuliza kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kama mradi huo unafahamika. Mwenye mradi naye muulizeni fungu la kijiji ni asilimia ngapi, na nani atalipa msitu ukiungua. Akikwepa maswali hayo mawili, mwambieni aende.